Gari Chini, Miguu Sawa

Kushusha gari siyo ujanja, mwanangu. Tuelewane hapo kwanza. Yeyote mwenye grainda anakata springi mchana, jioni kapaki nje ya kiwanja pale Kahama, kapiga picha, kaposti, komenti zinamiminika. Freshi. Kesho yake anachomoka kuelekea Shinyanga mjini, na hapo ndipo picha linapoanza. Usukani kaukaba kwa mikono miwili. Ndinga inavuta kushoto. Ikigusa rasta, pua inarukia kulia. Kufika Tinde, tairi za mbele zinanuka. Chuma kikali kikiwa kimesimama, kimeo kikitembea.

Hiyo ni aibu. Na sisi wana wa ukanda huu hatuna kisingizio.

Maana huku watu wanajua kupima. Geita wana soko lao la dhahabu tangu Machi 2019, la kwanza nchini. Nenda Katoro, nenda Nyarugusu, nenda Kakola: mtu akileta mzigo, unawekwa kwenye mzani mdogo wa digitali, na kila aliyepo anakodoa macho. Gramu moja ina pointi 10. Kwa pointi moja tu washkaji wananuniana wiki nzima. Sasa mtu huyohuyo, mwenye mzani mfukoni, anayejua pointi moja ni hela ngapi leo asubuhi, anapeleka Altezza yake kwa fundi anayechuchumaa mbele ya bampa, anafumba jicho moja, anazungusha tairodi, halafu anasema "tayari bosi". Jicho! Dhahabu kwa pointi, tairi kwa jicho. Hao nawaita mafundi jicho, na leo tunawaaga.

Upande wa pili wako washua. Mshua wa Kisukuma akiona gari ya chini anapata homa. Yeye dawa yake ni moja: spesa, kile kipande cha kuinulia gari. IST imeinama? Weka spesa. Gari inagonga? Weka spesa. Kijana kafeli fomu foo? Weka spesa. Walizoea Peugeot 504 na Land Cruiser mkonga, wanaamini gari lazima ipishe mbuzi chini. Hebu tuwaache na mbuzi wao. Ukienda nao vizuri watakuombea, ila miguu ya gari usiwaulize.

Nikisema miguu, fundi yeyote wa kweli ananielewa. Kuna fundi injini, fundi umeme, fundi miguu. Huyu wa tatu ndiye wa kutafuta ukitaka gari ya chini, na ukimpata mshike, maana wako wachache. Fundi miguu anajua kwamba mtengenezaji alipanga pembe za tairi za mbele kwa urefu mmoja tu, ule wa kiwandani. Ukishusha gari hata sentimita mbili, kila pembe imehama. Zote. Hakuna inayobaki pale ilipokuwa.

Jua kwanza gari yako ina miguu ya aina gani, maana hapo ndipo njia zinapoachana. Altezza, ile iliyotoka mwaka 1998 mpaka 2005 na kuuzwa Marekani kama Lexus IS, ina amu mbili kila upande wa mbele, ya juu na ya chini. GX100 na GX110, zile Mark II ambazo kitaa kimezigombania miaka yote hii, vilevile. Halafu kuna kundi la IST, Vitz, Probox, Premio na Subaru zote unazoziona zikinguruma. Hizo zina amu ya chini tu, na juu kazi inafanywa na shokapu yenyewe. Mpango huo umebeba jina la Earle MacPherson, injinia wa Marekani, na kampuni ya Ford ndiyo iliyoutia kwenye gari za watu wa kawaida, Consul na Zephyr za Uingereza, miaka ya 1950. Ni rahisi, haichukui nafasi, spea zake bei poa. Lakini ukiishusha sana inakasirika haraka kuliko ile ya amu mbili. Wenye Altezza mmeshaanza kutabasamu. Subirini.

Tuanze na springi, maana hapo ndipo wengi wanapojiua.

Kukata springi kuna hesabu yake. Springi yenye mizunguko 6 inayofanya kazi, ukikata mmoja ikabaki 5, ugumu wake unapanda kwa asilimia 20. Hiyo siyo mbaya yenyewe. Ubaya ni kwamba shokapu bado ni ileile ya zamani, ndefu, laini, haijui kwamba springi imekuwa ngumu. Gari inadunda. Ukiinua tairi kwa jeki, springi inalegea kwenye kiti chake na inaweza kukaa upande. Ukirudisha chini imekaa vibaya, mguu mmoja uko juu ya mwenzake. Kuchoma kwa gesi ndiyo balaa zaidi. Chuma cha springi kimepikwa kwa joto maalumu kiwandani, moto wa gesi unakiharibu, kinakufa pale ulipochoma, na kinaendelea kushuka kila wiki hata hujakigusa. Unashusha Jumatatu, Ijumaa gari imeshuka zaidi yenyewe, unadhani bahati. Siyo bahati. Springi imekata roho.

Vitu vya maana ni viwili: springi fupi zilizotengenezwa fupi pamoja na shokapu zake, au koilova, zile unazopandisha na kushusha kwa nati. Koilova mpya inakula milioni na ushee, najua, inauma. Za mtumba kutoka Ilala, Dar, zipo, lakini kabla hujatoa hata msimbazi mmoja, kandamiza fimbo ya shokapu mpaka ndani uiachie. Ikirudi polepole bila kukwama, na hakuna mafuta shingoni, ongea bei. Ikibaki ndani imelala, rudisha, ondoka, usigeuke.

Kiasi gani sasa? Hapa nakupa kipimo ambacho hakihitaji kifaa. Ingia chini ya gari ikiwa imesimama kwa tairi zake, angalia amu ya chini. Inapotoka kwenye bodi kwenda kwenye tairi, iwe imelala sawa au imeinama kidogo kuelekea chini upande wa tairi. Ikianza kupanda kuelekea juu, umepitiliza. Kwa IST na Subaru nyingi, kikomo hicho unakifikia mapema, sentimita tatu au nne na umefika. Mwenye Altezza ana nafasi zaidi kidogo. Hilo ndilo tabasamu lenu, basi, msilitumie vibaya.

Na kwa nini amu ikipanda ni noma? Kwa sababu bodi ya gari ikiwa kwenye kona inaegemea kuzunguka pointi moja isiyoonekana, ambayo mahali pake panatokana na pembe za amu zile. Mafundi wanaiita rolisenta. Ukishusha gari ya MacPherson, kitovu cha uzito wa bodi kinashuka, sawa, lakini ile rolisenta inashuka kwa kasi zaidi, inaweza hata kuzama chini ya lami. Umbali kati ya kitovu hicho na rolisenta unakua. Umbali ukikua, gari inalala zaidi kwenye kona. Umeelewa hapo? Mtu anashusha gari ili isiyumbe, na inayumba kuliko ilivyotoka Japani. Halafu analaumu tairi.

Dawa ipo. Kuna boli jointi zenye shingo ndefu zinazoshusha ncha ya nje ya amu, amu inarudi kulala sawa wakati gari bado iko chini. Zinauzwa kama rolisenta, na kwa Subaru na Toyota maarufu zinapatikana kwa kuagiza. Ukiwa na hela ya kuchagua kati ya rimu mpya na hizo, chukua hizo. Rimu zitasubiri. Najua huniamini.

Sasa njoo kwenye ule mruko wa kwenye rasta. Huo una jina, bampu stia, na ndiyo ugonjwa mkuu wa gari za chini za ukanda huu, kwa sababu barabara zetu ni matuta na rasta mwanzo mwisho. Amu ya chini inapopanda na kushuka, ncha yake inachora tao. Tairodi, ile fimbo ya usukani inayogeuza tairi, nayo inachora tao lake. Kiwandani wamepanga matao hayo mawili yaende pamoja, ndiyo maana gari mpya inapita tuta na usukani umetulia. Ukishusha, kila kimoja kinaanzia mahali pengine kwenye tao lake. Tairi ikipanda juu ya tuta, tairodi inaivuta au inaisukuma, na tairi inageuka yenyewe. Hujagusa kitu. Upande mmoja ukipanda rasta kabla ya mwingine, pua imekwenda kwa jirani. Kwenye barabara ya Isaka, ambako malori ya Rwanda na Kongo yanapishana na wewe, pua kwenda kwa jirani siyo utani.

Kupima hili kunahitaji subira ya nusu siku, na fundi jicho hawezi hata akilipwa. Toa springi, acha shokapu peke yake. Funga usukani usigeuke. Pandisha habu kwa jeki sentimita moja moja, na kila hatua pima tairi imegeuka kiasi gani mbele na nyuma ya rimu. Ndani ya sentimita nne za kupanda na kushuka, isihame zaidi ya milimita moja hivi. Ikihama sana, kuna tairodi endi maalumu zenye shingo ya kuongezea au kupunguza vishimu, unashusha ncha ya nje ya tairodi mpaka matao yakubaliane. Ukishaweka boli jointi ndefu bila kugusa tairodi, jua umerekebisha kimoja na kuharibu kingine. Vinakwenda pamoja hivyo.

Kitu kingine kidogo ambacho kinatofautisha wanaojua na wanaojifanya: bushi. Bushi za amu ni mpira uliobanwa katikati ya vyuma viwili, unajipinda amu ikicheza. Fundi akikaza boliti zake gari ikiwa imening'inia kwenye jeki, mpira umefungwa ukiwa kwenye pembe ya kuning'inia. Ukishusha gari chini, mpira tayari umejipinda kabla hata hujatoka gereji. Miezi michache umechanika, gari inagonga kokoko, na mshua anatokea mlangoni na suluhisho lake la spesa. Kaza boliti za bushi gari ikiwa imebeba uzito wake, imekaa kwenye urefu utakaotembea nao. Mwambie fundi. Akibisha, hama gereji.

Haya, sasa kemba. Hapa najua mtaingia ugomvi na mimi.

Kemba ni tairi kuegemea ndani au nje ukiitazama kutoka mbele. Juu ikiingia ndani, ni hasi. Mtandaoni kemba kali ndiyo habari ya mjini, tairi zimelala, gari imechuchumaa, stensi. Wajapani walioanzisha mambo haya wana jina kabisa la ile iliyokithiri, onikyan. Picha zake kali, sibishi. Lakini Japani lami ni kioo, na wenzetu wale wananunua tairi kama sisi tunavyonunua vocha. Wewe unakanyaga lami kwa ukanda mwembamba wa ndani wa tairi. Breki ukizikanyaga, mshiko umebaki mdogo. Na tairi mpya ya inchi 17 inakula laki mbili na zaidi, moja. Unalipia upana wote, unatumia kipande. Hiyo ni hela unaichoma mchana kweupe.

Kwa gari ya kutembelea mtaani na safari za Mwanza, nyuzi 1 hasi mpaka 1 na nusu inatosha kabisa. Inapendeza, inashika kona, na tairi inaisha taratibu upande wake. Kushoto na kulia zisipishane zaidi ya nusu nyuzi, la sivyo gari inavuta. Kupima? Timazi ya fundi mwashi. Ile kamba yenye uzito. Ining'inize kutoka kwenye fenda mbele ya katikati ya rimu, pima umbali wa kamba mpaka mdomo wa rimu juu, halafu mpaka mdomo wa rimu chini. Kwenye rimu ya inchi 17, tofauti ya karibu milimita 8 ni nyuzi moja. Rula ya shule inakutosha. Kurekebisha, Altezza ina nafasi kwenye amu zake za chini, na gari za MacPherson zinatumia boliti maalumu za kemba pale shokapu inapoungana na nako, au sahani za juu zenye mifereji. Gari ya amu mbili ikishuka inaongeza kemba hasi yenyewe kwa sababu amu ya juu ni fupi. Ya MacPherson inaongeza mwanzoni, halafu amu ikipanda kupita kiasi inaanza kuipoteza. Ndiyo ile Vitz unayoiona kwenye kona tairi ya nje imesimama wima inalia.

Kasta nitaipita haraka. Ni mhimili wa usukani kuegemea nyuma ukiitazama gari kwa ubavu. Ndiyo inayorudisha usukani katikati ukiuachia na kuifanya gari itulie ukikanyaga. Gari inavutwa kuelekea upande wenye kasta ndogo, kwa hiyo ikivuta na kemba iko sawa, mtuhumiwa ni huyo, mara nyingi kwa sababu ya amu iliyopinda ulipoingia shimo na ukakausha kama hakikutokea kitu.

Na rimu zilizotoka nje ya fenda, zile za kupanua? Zinahamisha mahali tairi inapokanyaga mbali na mhimili wa usukani, kila shimo unalisikia mikononi, na beringi za habu zinalia mapema. Basi, tuendelee.

Tou ndiyo mfalme. Ukiwa na hela ya kitu kimoja tu, fanya tou.

Tou ni tairi kuangalia ndani au nje ukiitazama gari kutoka juu. Mbele zikisogeleana ni tou-ini, zikiachana ni tou-auti. Inabadilika ukigusa urefu, ukigusa kemba, ukigusa kasta. Ndiyo maana inafanywa mwisho, siku zote. Anayeanza na tou halafu anakuja kugusa kemba amekula hela yako bure.

Njoo tupige hesabu nikuonyeshe kwa nini nawachukia mafundi jicho. Tairi imegeuka milimita 2 tu, mbele ya rimu ya inchi 17 ukilinganisha na nyuma yake. Milimita 2. Hakuna jicho la binadamu linaloiona kutoka mbele ya bampa. Hiyo ni robo nyuzi. Kwa kila kilomita unayoenda, tairi hiyo inaburuzwa pembeni mita 4 na zaidi. Shinyanga mpaka Mwanza ni kama kilomita 160. Ukifika Mwanza, tairi yako imesuguliwa pembeni karibu mita 700. Kwenda tu. Kurudi ni zingine. Na mbele kuna tairi mbili. Sasa fikiria mtu anayefanya mishe za Mwanza kila wiki, halafu anashangaa tairi za laki nne na ushee zimeisha upande wa ndani mpaka nyuzi zinachungulia, na trafiki wa Maganzo anatabasamu kwa mbali.

Mashine za alaimenti zipo Mwanza, zipo Kahama, na misimbazi miwili mitatu inakutoa. Nenda. Lakini hakikisha vitu viwili: wanapima kweli kwa gari yako ilivyo, na wanakupa karatasi yenye namba kabla na baada. Asiyetoa karatasi ni fundi jicho mwenye umeme.

Ukiwa mbali na mashine, kamba inafanya kazi, na nakuapia inafanya kazi vizuri ukiwa na adabu. Tafuta sakafu ya zege iliyo sawa, na usiamini kwa macho, chukua mpira wa maji unaoonyesha, ule wa waashi, linganisha pale tairi nne zitakaposimama. Jaza upepo tairi zote sawasawa. Kama huwa unaendesha peke yako, weka mifuko ya saruji au mshkaji mwenye uzito wako kwenye kiti. Chini ya kila tairi ya mbele weka vigae viwili vilivyobandikwa kwa grisi katikati, ili tairi iteleze na kukaa inapotaka. Nyoosha usukani, ufunge. Vuta kamba ya mwashi kila ubavu wa gari, usawa wa katikati ya habu, zote mbili ziende sambamba na gari. Pima kwenye kofia ya habu ya mbele na ya nyuma, na kumbuka gari nyingi upana wa mbele na wa nyuma haulingani, kwa hiyo linganisha kushoto na kulia, usilinganishe mbele na nyuma. Kisha pima kutoka kwenye kamba mpaka mdomo wa rimu, mbele na nyuma, kila tairi.

Unalenga sifuri mpaka tou-ini ya milimita 1 kwa jumla ya tairi mbili. Legeza nati ya tairodi, zungusha robo. Robo tu! Robo mzunguko unahamisha zaidi ya milimita moja kwenye rimu. Kushoto na kulia zungusha kiasi kilekile, ndiyo usukani unabaki katikati. Ukiona mtu anaendesha barabara iliyonyooka na usukani umelala saa nane, huyo alizungushiwa upande mmoja. Tikisa gari juu chini, isogeze mbele na nyuma, pima tena. Halafu tena. Vaa roho ya mnunuzi wa dhahabu anapoangalia mzani wa muuzaji.

Wana wengine watasema, kaka, unatuambia mambo ya Nairobi na Subaru zao, huku kwetu barabara haziruhusu gari chini. Hapo nakataa. Zinaruhusu, ukizijua. Lami kutoka Shinyanga kupitia Hungumalwa mpaka Usagara ni lami ya kutembea. Geita zamani ilikuwa mtihani kwa sababu ya kivuko, pale Kigongo na Busisi. Ile ngazi ya chuma ya kupandia pantoni ilikuwa inakula bampa za watu huku abiria wote wanaangalia, aibu ya jumla. Tangu tarehe 19 Juni 2025 daraja limefunguliwa, kilomita 3 juu ya ziwa, unapita pua chini kifua mbele. Njia ya Kahama kwenda Kakola, iliyokuwa vumbi miaka nenda rudi, popote vumbi lilipobaki mwachie mshua na spesa zake. Matuta yapande kwa mshazari, tairi moja moja, taratibu. Vijijini ni 50, na tochi za trafiki hazilali, kwa hiyo hata hiyo spidi ya kujivunia huna, mwanangu. Unachobaki nacho ni jinsi gari inavyotembea. Ndiyo maana nakusumbua na milimita.

Ukimaliza kila kitu, itembeze wiki mbili hivi springi zikae, halafu pima urefu na tou upya, kwa sababu zitakuwa zimehama. Baada ya hapo kila ukiosha gari, pitisha kiganja juu ya tairi ya mbele kwa upana wake. Ukitoka nje kwenda ndani ni laini, na kurudi kiganja kinakwaruzwa, tou-ini imezidi. Ikiwa kinyume, tou-auti. Tairi inakwambia wiki kadhaa kabla ya jicho la mtu yeyote kuona, na wakati huo bado dawa ni robo mzunguko wa tairodi, siyo laki nne.

Mtihani wa mwisho ni mshua. Akiomba lifti ya Mwanza, mpe kiti cha mbele. Atapanda kwa kulalamika, atainama mara mbili kuingia, atakwambia gari hii itakufia porini. Sawa baba, funga mkanda. Ukivuka Maganzo usukani umetulia, rasta zinapita, ndinga imenyooka. Akianza kukoroma kabla ya Hungumalwa, alaimenti imekubali. Ataamka Usagara, atapiga miayo, atakuuliza gari imetulia hivi umeweka spesa ngapi. Mwambie umeshusha sentimita tatu.